Mama Aliyeomba Kutangulia

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu, poleni na asanteni. Jina lake mnaliona kwenye jalada la programu mliyoshika mkononi, chini ya picha. Mimi bado sijalitaja, na nitachelewa kulitaja. Ninaitwa Faustin, mume wa binti yake Nadège. Kwetu Opala, kama ilivyo kwao Maniema, mkwe hatamki jina la mama mkwe wake. Wala hasomi wasifu wake makaburini. Hukaa nyuma kabisa, kimya, akisubiri wengine wamalize. Basi mkishangaa kuniona hapa mbele, shangaeni kidogo tu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivi, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu alizaliwa Punia, mkoani Maniema, tarehe 14 Machi 1950. Alipokuwa bado mdogo, baba yake alipata kazi ya kukata tikiti kwenye stesheni ya reli ya Ubundu, na nyumba nzima ikahamia huko. Walikuwa ndugu watano. Leo amebaki mmoja tu, mdogo wake wa mwisho, tonton Noël, yaani mjomba wetu, yule pale mwenye kofia, ambaye mpaka juzi alikuwa bado anaitwa mtoto na dada yake ingawa wajukuu wake wenyewe wanamzidi urefu.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Ubundu, kisha mwaka 1966 akaletwa hapa Kisangani kwa shangazi yake ili ajifunze ukataji na ushonaji. Alimaliza mwaka 1970. Wenzake wa darasani walisimulia kwamba hakuna aliyekaa jirani naye kwa hiari, kwa sababu akiona mshono wa mwenzake umepinda, aliufumua bila kuombwa, akaurudisha ukiwa umenyooka, na hakuelewa kwa nini mtu anune.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwaka 1974 aliandikwa katika kiwanda cha nguo, na kwa miaka mingi alisimama mbele ya meza yenye taa huku kitambaa kikipita chini ya macho yake, akisaka mahali rangi ilipokosea. Kiwanda kilipodhoofika, alihamia soko kuu na kuuza vitenge. Jicho lile hakuliacha kiwandani. Siku nilipokuja na wazee wangu kumposa Nadège, nilivaa shati jipya ambalo nililiona zuri kuliko mashati yote ya Kisangani. Mama hakunisemesha, maana haikuwa desturi. Siku ya pili aliniletea ujumbe kupitia binti yake: "Ambia ule kijana, shati yake iko na ua moja yenye haina jicho." Nililitafuta wiki nzima ua hilo lililokosa kitone cha katikati. Lilikuwa kwapani.

Tarehe 5 Julai 1975 alifunga ndoa na Papa Moïse, fundi wa injini za boti pale bandarini. Waliishi Kabondo, katika nyumba ileile ambamo jeneza lake lilitoka asubuhi hii. Walipata watoto watatu: Arthur, Patricia na Nadège. Papa Moïse alituacha mwaka 2003. Mama hakuolewa tena, na alipoulizwa alisema kwamba hana nguvu za kumfundisha mwanamume mwingine kupangusa miguu mlangoni.

Mwaka 2004 Nadège aliolewa nami, na hapo lazima niwaeleze vijana jinsi mama huyu na mimi tulivyoishi, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yametoka humo. Tulikaa mji mmoja miaka kumi na minne bila kupeana mkono. Hatukula mmoja mbele ya mwingine. Nikimwona sokoni upande huu, nilihamia upande ule. Alikuja nyumbani kwangu nikiwa kazini Bangboka, uwanja wa ndege, ambako kazi yangu ni kupima mizigo ya abiria. Na nilipokuwa njiani kurudi, alikuwa tayari anafunga kitenge chake kuondoka. Tukiwa na neno la kuambiana, Nadège alilibeba. Hatukuwa na ugomvi hata chembe. Hiyo ndiyo heshima, na tulipeana heshima hiyo mpaka watoto wetu wakatucheka.

Mwaka 2006 mtoto wetu wa kwanza, Israël, alizaliwa kabla ya wakati, akiwa mdogo kiasi kwamba mavazi tuliyomnunulia yalimmeza. Mama aliacha biashara yake akahamia kwetu, nami nikalala chumba cha uani. Alimfunga mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, ndani ya kitenge, akakaa naye hivyo mchana na usiku akipokezana na Nadège, mpaka mtoto akapata uzito wa kuitwa mtu. Siku moja niliwahi kurudi. Kutoka mlangoni niliona mgongo wa Mama, na juu ya bega lake kichwa kidogo kama chungwa. Alisikia hatua zangu akageukia ukuta, nami nikatoka haraka uani. Nilitaka kusema asante. Sikuwa na njia ya kuisema, kwa hiyo nilibaki nayo.

Ugonjwa ulianza na viatu. Mwaka 2016 Mama alilalamika kwamba viatu vya siku hizi vinashonwa vibaya, vinabana kuanzia saa sita. Alibadilisha jozi baada ya jozi. Kumbe miguu ndiyo ilikuwa inavimba. Shinikizo la damu lilikuwa limemla kimyakimya miaka mingi, na mwaka 2017 Daktari Solange, anayetibu figo hapa mjini, alituambia wazi kwamba figo zake zote mbili zimechoka na hazitapona. Akaanza kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Alitoka huko amelegea, hana hamu ya chakula, na bado alitania: "Leo bamenifua tena, bakanikamua. Imebakia kunianika tu." Tulicheka naye, lakini kila mwezi tuliona anapungua.

Mwezi wa Aprili 2018 Daktari Solange alitaja upandikizaji wa figo, ambao ulimaanisha kwenda India. Ukoo ulikutana Kabondo. Tonton Noël alisema neno ambalo wengi walikuwa nalo tumboni. Tonton, usiiname, ulisema kwa kumpenda.

"Yaya iko na miaka soixante-huit," alisema, maana Yaya ni dada mkubwa, na Mama alikuwa ametimiza sitini na minane. "Kutoa figo kwa kijana na kuitia mukubwa, ni kama kuweka moteur mupya mu mutumbwi ya zamani. Tumuache tu apumuzike."

Daktari alikuwa amealikwa, akajibu bila kupandisha sauti. "Papa, miaka ni chiffre, ni hesabu tu. Kwanza tupime moyo, mishipa na mapafu. Kama ile yote iko muzuri, mukubwa anaweza kupata figo, na ataishi nayo muzuri kupita kubakia ku mashine. Ila sitabadanganya: miezi ya kwanza iko na hatari kwa mukubwa kupita kwa kijana. Na dawa atameza mpaka siku ya mwisho."

Walimpima Mama, na moyo wake ukaonekana unafaa. Kisha tukahitaji mtu wa kutoa. Arthur alikuwa na sukari. Patricia alikuwa na shinikizo la damu kama mama yake. Damu ya Nadège haikupatana na ya Mama. Yangu ilipatana. Nilimwambia mke wangu jikoni, akaweka mwiko chini, akaketi. Fikirini mahali alipokuwa yeye: mama yake upande mmoja, mume wake upande mwingine, na wote wawili waingie chini ya kisu siku moja. Aliniambia twende kwa Mama.

Mazungumzo yalifanyika kama ilivyo desturi, Mama akiwa ndani, mimi barazani, pazia katikati, na Nadège amesimama mlangoni akibeba maneno ambayo sote tulikuwa tunayasikia vizuri kabisa.

"Nadège, ambia bwana yako asante sana. Lakini hapana. Miye nilisha kula chumvi yangu. Yeye iko na batoto ba kukomalisha."

"Nadège, ambia Mama, bale batoto iko na koko mumoja tu, bibi yabo, mwenye kubakia."

"Nadège, umuulize: na kama ile figo yake ingine inaharibika? Nitamuangalia Mungu na macho gani?"

"Nadège, ambia Mama, docta alinipima, akarudilia kunipima. Anasema mutu anaweza kuishi na moja."

"Mutaniua na hii kazi," alisema Nadège. "Musemezane benyewe."

Hatukusemezana. Lakini nilijua kwamba nikiondoka barazani pale, Mama atarudi kwenye mashine mpaka aishe. Ndipo nikasema: "Nadège, ambia Mama, nilimuonaka na Israël mu kifua. Ile asante sikuitoaka hata siku moja. Aniache niitoe."

Kisha sauti ya Mama ikaja, ndogo kuliko nilivyoizoea. "Bon. Ambia bwana yako, nitaitwaa. Lakini miye njo wa kutangulia. Asinitangulie. Aape."

Niliapa. Nilijua fika kwamba zamu ya kufa haimo mikononi mwa mtu, lakini niliapa kwa sauti kubwa, nikiliambia pazia.

Watoto, ukoo na parokia walichangishana, na mwezi wa Agosti 2018 tulifika Chennai, Nadège, Mama na mimi. Huko tulikuta kitu ambacho hakuna aliyetuonya. Sheria yao inaogopa, na ni haki iogope, kwamba figo za watu maskini hununuliwa. Kwa hiyo kabla ya upasuaji, mtoaji na mgonjwa hukaa mbele ya kamati na kuulizwa. Mkwe aliyetoka nchi ya mbali huulizwa zaidi.

Tuliingia, Mama akakaa mwisho wa chumba upande wa kulia, mimi mwisho wa upande wa kushoto, sote tukitazama sakafu. Tulijipongeza kwa adabu yetu. Mkalimani akaniuliza: jina la mama mkwe wako ni nani? Nikanyamaza. Akarudia. Nikanyamaza tena. Mara ya mwisho kula pamoja ilikuwa lini? Hatujawahi kula pamoja. Mnaishi mji mmoja? Ndiyo. Anapenda chakula gani? Sijui, sijamwona akila. Anakuja nyumbani kwenu? Anakuja, nikiwa sipo. Naye Mama alipoulizwa mimi ni mtu wa namna gani, alisema kwa ukweli wote kwamba hajaniangalia usoni. Kila tulilojibu lilikuwa kweli, na kila kweli ilituzamisha. Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Machoni pake tulikuwa watu wawili wasiojuana, mmoja amenunuliwa. Nadège alijaribu kueleza desturi yetu, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama hadithi ya kutungwa. Waliahirisha, wakatuambia turudi wiki ijayo, na kwamba ikishindikana safari hiyo, tufunge mizigo.

Kesho yake mchana, katika nyumba ya wageni tulimopanga, Mama alimpigia simu tonton Noël hapa Kisangani. Ukwe haufunguliwi ovyo. Kwao mama mkwe akitaka kumfungulia mkwe wake njia, akae naye, ale naye, mzee wa ukoo lazima akubali, na kuku achinjwe na kuliwa na watu wa pande zote mbili.

"Huku sina kuku, sina bazee," Mama alisema kwenye simu. "Nifanye nini?"

"Yaya, fungua tu," alijibu tonton. "Kuku miye nitakula huku kwa jina yenu."

Na alimla. Mashahidi wapo, wanasema hata mabawa hakuwabakishia.

Siku hiyo Nadège alikuwa amepata ndizi mbichi sokoni, akatengeneza lituma, akiziponda kwa kitako cha kikombe. Mama akamwambia aweke meza moja na sahani tatu. "Leo hautabeba maneno," alimwambia. "Uniitie bwana yako."

Niliingia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mama mkwe wangu alinitazama, nami nikamtazama. Macho yake yalikuwa ya Nadège kabisa, na nilishangaa kwamba sikuwa nimejua hilo.

"Kaa," alisema. Nikakaa.

"Kula." Nikachukua tonge, nikageuza uso kulitafuna. Naye akageukia upande wake. Tulikaa pale watu wazima wawili, tumeona aibu kama watoto walioiba sukari, na Nadège akacheka mpaka akalia.

"Kwetu heshima ni kukaa mbali," Mama alisema. "Hapa banaona kama hatujuane. Bon, tutafanya heshima ya ingine. Utakula na miye, utaniangalia, nitakuita Faustin. Lakini jina yangu, hapana. Ile uichunge. Utaitaja siku munanizika, kusudi nijue ulibakia."

Wiki ile tulikula pamoja kila siku, na niligundua mambo. Kwenye kikao cha pili waliniuliza tena jina lake. Nikainama, lakini Mama aliwahi kumjibu mkalimani yeye mwenyewe: "Hawezi kuitaja. Miye njo nilimukataza." Katika kamati kulikuwa na mama mmoja mwenye mvi, ambaye safari ya kwanza hakusema lolote. Alitabasamu akawaeleza wenzake kwamba mama yake mzazi, kule kijijini kwao, alikufa bila kulitamka hata mara moja jina la mume wake. Alimwita baba wa fulani, basi. Kisha akanigeukia na kuniuliza, je, siku hizi najua mama mkwe wangu anapenda chakula gani.

Nikasema anapenda lituma, na anapenda chumvi kupita kiasi. Nikasema daktari amemkataza, lakini Nadège akigeuka tu, Mama anavuta kopo na kunyunyiza kabla hata hajaonja.

"Faustin," Mama alisema, akinigeukia mbele ya watu wote, "unanisemea?"

Mkalimani hakutafsiri, wala hakukuwa na haja. Chumba kizima kilicheka, hata mwenyekiti. Walitia sahihi.

Upasuaji ulifanyika tarehe 2 Oktoba 2018. Nilipozinduka nilimuuliza Nadège kama Mama yuko hai. Akaniambia kwamba figo ilianza kutoa mkojo kabla hawajamaliza kumshona. Ndugu zangu, nimesikia habari njema nyingi maishani, lakini sijawahi kufurahia mkojo wa mtu mwingine kiasi kile. Tuliporudi Bangboka, wenzangu wa mizani walitupokea, nami nikawaambia wasimpandishe Mama kwenye mizani, kwa sababu amesafiri na mzigo wa ziada na karatasi yake siijui iko wapi.

Baada ya hapo aliishi miaka saba bila mashine. Alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kukosa, na simu aliyotegesha kumkumbusha iliwika kama jogoo, mara nyingine katikati ya mahubiri, mpaka padre akazoea kungoja. Alirudi sokoni. Alikula nasi kila Jumapili, na chumvi tulimfichia. Alimwona Israël akimaliza sekondari na kuingia chuo kikuu. Kijana huyo mnamwona pale, amebeba msalaba, na wale wa zamani mtakumbuka alikuwa chungwa.

Lakini kila mwaka, mwezi wa Septemba, Mama alikuwa mtu wa kuhangaika. Huo ndio mwezi tuliokwenda kupimwa, yeye na mimi. Majibu yake hakuyataka kwanza. "Anza na ya Faustin," alimwambia Daktari Solange, huku yeye ameshika rozari mpaka yangu yamalizike kusomwa. Mwaka 2022 nililazwa na malaria kali. Kwa sababu dawa zake zilipunguza kinga ya mwili, alikatazwa kuingia wodini. Alikuja na kiti chake, akakiweka nje chini ya dirisha langu, akakaa hapo tangu asubuhi. Sikuwa na nguvu za kujibu, lakini nilimsikia: "Faustin, uliapa. Utasimama." Hakugusa chakula siku hiyo mpaka homa ikashuka na mimi nikaomba maji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wakati mimi nilidhani nimempa kitu na yamekwisha, yeye alikuwa akikibeba kwa hofu kila siku.

Mwaka huu, mwezi wa Septemba, tulipimwa kama kawaida. Daktari alianza na yangu: figo yangu iliyobaki inafanya kazi vizuri, shinikizo la damu liko sawa. Kisha ya kwake: figo nzuri, ila moyo umeanza kuchoka, na kwa umri wake hakuna kubwa la kufanya zaidi ya dawa na kupumzika. Sisi tulihuzunika. Yeye alifunga mkoba wake akasema, "Bon. Iko muzuri," kwa sauti ya mtu aliyefika kwake mvua ikiwa bado haijanyesha. Njiani alinunua chikwangue, ule mkate wa muhogo, na akataka tumwongezee chumvi kwenye samaki kwa siku hiyo moja. Tulimwongezea.

Aliaga dunia nyumbani kwake Kabondo, Jumanne tarehe 18 Novemba 2025, asubuhi, baada ya kumeza vidonge vyake na kumkemea Patricia kwa pindo la pazia lililoshonwa ovyo. Alisema anaegemea kidogo. Moyo ulisimama akiwa ameegemea. Daktari Solange alikuja, akatuambia kwamba figo ile haikumwangusha. Ilikuwa inafanya kazi mpaka saa yake ya mwisho. Tunalia, ndiyo, kwa sababu nyumba imekuwa kubwa ghafla. Lakini nitasema lililo moyoni mwangu bila kuona haya: nimepata nafuu. Nadège naye amepata nafuu. Mama hakufia kwenye mashine, hakufia ugenini, hakuteseka, wala hakufika siku aliyoiogopa miaka saba, siku ya kunizika mimi.

Jana jioni baadhi ya wazee walimwendea tonton Noël kumuuliza kama ni sawa mkwe asimame karibu na kaburi. Tonton aliwajibu, "Ile kuku nilikulaka, nilimalizaka." Ndiyo maana niko hapa. Sehemu ya mwili wangu inashuka naye leo, na simwombi anirudishie. Ilitumika vizuri.

Marehemu ameacha mdogo wake Noël. Watoto wake Arthur, Patricia na Nadège. Wakwe, ambao mmoja wao anasema sana leo kufidia kimya cha zamani. Wajukuu saba, Israël akiwa wa kwanza. Wauza vitenge wenzake wa soko kuu. Na washonaji wengi wa mji huu ambao tangu leo wanaweza kukosea mshono bila kufumuliwa.

Mama, ulinikataza kulitaja jina lako mpaka siku hii, ili ujue kwamba nimebaki. Basi sikia.

Colette Wabiwa Feza.

Umetangulia, Mama. Mimi nimebaki. Pumzika kwa amani.